Usambara kwa Mguu na Daladala: Kutoka Mombo hadi Mtae

Basi la Arusha likifika Mombo, abiria wengi hununua matunda dirishani kisha husinzia tena. Ukuta wa milima ulioko mkono wao wa kulia hawautazami mara mbili. Ukuta huo ndio Usambara Magharibi, na nyuma yake kuna misitu, mabonde ya kabichi, vijiji vilivyojengwa ukingoni mwa majabali, na vijia vya miguu vya kukutosha wiki nzima. Huhitaji gari lako wala gari la kukodi. Kila kijiji nitakachokitaja hapa kina wakulima wanaoteremsha mazao, wanafunzi wanaorudi likizo na wagonjwa wanaokwenda hospitali, na wote hao husafiri kwa basi, Haisi, Noah au bodaboda.

Jambo moja ukilishika, mengine yatajipanga yenyewe: magari ya huku yanafuata ratiba ya mkulima. Huteremka kutoka vijijini alfajiri na hurudi juu kuanzia mchana. Mtu anayeamka saa tatu asubuhi Lushoto mjini akitaka gari la kumpeleka kijiji cha mbali atakaa stendi mpaka miguu ife ganzi. Kwa hiyo tembea asubuhi, panda gari alasiri, na siku ya kuondoka kabisa uamke na jogoo.

1. Chagua msimu, halafu chagua siku

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa safari hii kwa mgeni. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huteleza vibaya, barabara za vumbi za huko juu hugeuka tope, na gari la kijijini linaweza kukwama au lisitoke kabisa. Juni hadi Agosti ni kipupwe: njia ni kavu, ila baridi ya usiku ni ya kweli na ukungu wa asubuhi unaweza kuziba mandhari hadi saa nne. Septemba na mwanzo wa Oktoba, kabla ya vuli, ndiyo miezi ninayompendekezea mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza. Januari na Februari pia ni wakati mzuri, na miezi hiyo unakuta plamu na pichi zikiuzwa kwa ndoo kando ya barabara.

Siku ya wiki nayo ina uzito. Siku ya gulio magari huongezeka, kwa sababu watu na mizigo inahama. Soni gulio lao kubwa ni Jumanne. Jumatano ni zamu ya Mlalo na ya Sunga, kijiji cha karibu na Mtae. Lushoto mjini soko huchangamka Alhamisi na zaidi Jumapili, na Bumbuli ni Jumamosi. Ukiweza kuipanga safari yako ili upite Sunga siku ya Jumatano, fanya hivyo: utapata usafiri kwa urahisi, na utakuta wanawake waliotembea tangu usiku wakiwa na mizigo kichwani, wauza mitumba, wauza dawa za miti shamba na wachoma nyama, wote juu ya mgongo mmoja wa mlima.

2. Fika Mombo kabla jua halijazama

Kutoka Dar es Salaam, mabasi huondokea Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Yapo yanayokwenda Lushoto moja kwa moja, na hayo ndiyo bora kama unaanza safari asubuhi. Ukiyakosa, panda basi lolote la Moshi au Arusha, umwambie konda tangu mwanzo kwamba unashukia Mombo, na umkumbushe mkishapita Korogwe. Anayetoka Tanga ana mabasi ya Lushoto pia. Anayetoka Arusha au Moshi akikosa la moja kwa moja atapanda la Dar au la Tanga na kushuka Mombo vilevile.

Mombo ni mlango wa milima hii tangu zamani. Reli ya Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na mizigo ya walowezi wa Kijerumani ikaanza kupandishwa Lushoto, mji ambao wao waliuita Wilhelmsthal. Leo reli haina msaada mkubwa kwa safari yako, lakini njia panda ni ileile. Utakaposhuka, wapiga debe watakuzunguka na kila mmoja atadai kwamba gari lake ndilo linaloondoka sasa hivi. Shika begi lako mwenyewe. Tazama ndani: gari lenye watu wengi waliokaa ndilo litakaloondoka kwanza, maneno mengine yote yaache. Nauli muulize abiria aliyekwisha kukaa, usimuulize anayekuita.

Kwa nini mchana? Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni ya lami, kilomita 33 hivi, nayo hupanda karibu mita 1,000 kwa kona zinazofuatana bila pumzi, korongo likiwa upande mmoja na mwamba upande wa pili. Usiku huoni kitu, na ni hasara. Kama tumbo lako halipendi kona, omba siti ya mbele na usile sana Mombo.

3. Soni: shuka, unyooshe miguu

Katikati ya safari ya kupanda kuna Soni, mji mdogo kwenye njia panda ya Bumbuli. Wageni wengi huupita. Ukifika mapema, shuka: magari ya kuendelea Lushoto hayakosekani mchana kutwa, na maporomoko ya Soni yapo karibu na barabara, yanaonekana bila kupanda mlima wowote.

Ukiwa na siku nzima ya ziada, Soni inaweza kuwa kituo chenyewe. Kwa mguu unaweza kwenda Sakharani, misheni ya Wabenedikto yenye mashamba na mvinyo wao, au ukachukua gari la upande wa Bumbuli hadi Vuga. Vuga ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa. Simulizi za Wasambaa zinamtaja Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliyewaulia watu nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, na mwishowe akapewa utawala. Usitegemee kukuta jumba la kifalme. Nenda kwa ajili ya wazee; ukiwasalimia vizuri na kuuliza kwa heshima, watakuhadithia zaidi ya ulichouliza.

4. Lushoto: siku ya kupima miguu

Lala Lushoto angalau usiku wa kwanza. Nyumba za wageni ziko kuanzia stendi hadi pembezoni mwa mji, za kila bei. Chukua kitambulisho chako, kwa kuwa kitabu cha wageni kitaandikwa kila mahali utakapolala. Uliza kama kuna maji ya moto na mablanketi mawili kabla ya kulipa. Hapa ndipo pa kutoa fedha benki pia, kwa sababu huko mbele utategemea wakala wa simu, na wakala wa kijijini huenda asiwe na fedha za kutosha siku unayozihitaji. Chenji ndogondogo ni muhimu kuliko noti kubwa.

Asubuhi yake nenda Irente. Ni kilomita 6 hadi 7 kutoka mjini, kupitia Yoghoi, na njia iko wazi kiasi kwamba huhitaji mtu wa kukuongoza. Unapita kando ya nyumba, shule na mashamba ya maharage na mahindi, unapanda polepole, na kwa saa moja na nusu au mbili umefika ukingoni. Ardhi inaishia hapo. Chini, karibu mita 1,000, unaiona barabara kuu ikiwa kamba nyembamba, mashamba ya mkonge, na Mazinde, mahali ambapo Semboja, mtoto wa mtawala wa Wakilindi, Kimweri ye Nyumbai, alijijengea makao ili awe karibu na njia ya misafara ya kwenda bara. Ukisimama pale juu unaelewa mara moja hesabu yake: Vuga ilikuwa ngome nzuri ya vita, lakini biashara ilikuwa inapita chini, kwenye nyika.

Ukingo wa Irente hauna uzio kila mahali, na upepo wake si wa mchezo. Mwenye watoto awashike mkono.

Wakati wa kurudi pitia shamba la Irente, linalomilikiwa na Kanisa la Kilutheri. Wanauza jibini, jemu, mkate na juisi, na ukiagiza mapema unaandaliwa chakula cha mchana cha vitu vya shambani. Nunua kipande cha jibini na mkate kwa ajili ya siku zinazofuata. Havichachi upesi kwenye baridi ya huku.

Kama siku hiyo imekuchosha sana, chukua ishara. Safari ya siku tatu kwenda Mtae, kijiji cha mwisho katika mwongozo huu, ni ndefu kuliko hii mara kadhaa, na ni afadhali kubaki Lushoto ukafanya matembezi ya siku mojamoja: Magamba, maporomoko ya Mkuzi, misheni ya Gare. Yote yana uzuri wake, na jioni unarudi kwenye kitanda kilekile.

5. Magamba: msitu wenye malipo yake

Gari la Magamba hulikosi, kwa kuwa magari yote ya Mlalo, Lukozi na Mtae hupita hapo. Ni mwendo mfupi tu kutoka Lushoto. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Maana yake ni kwamba huingii kama unavyoingia shambani kwa jirani. Kuna kiingilio, unapewa namba ya malipo na kulipia kwa simu au benki, na unaingia na mwongozaji. Raia na mkazi wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, basi kitambulisho kisibaki chumbani.

Mwongozaji umpate Lushoto siku moja kabla. Kaeni chini mkubaliane mambo manne: njia mtakayopita, siku ngapi, nani analipia chakula na malazi yake, na nani analipa kiingilio. Yaandikeni, hata kama ni kwenye ujumbe wa simu. Migogoro mingi ya milimani inaanzia kwenye neno "tutaelewana".

Ndani ya msitu, tembea taratibu na uongee kwa sauti ya chini. Mbega wana manyoya meupe marefu begani na mkiani, na ukielekeza macho juu ya miti utawaona wakiruka kama mashuka yaliyochukuliwa na upepo. Kuna miti ya mkulo yenye mashina ambayo watu watatu hawawezi kuyakumbatia, kuna podo, kuna ndege ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Usambara. Kinyonga mwenye pembe mbili puani ni wa milima hii pia. Mkimwona, mtazameni akiwa kwenye tawi lake. Watoto wa vijijini wamezoea kuwakamata na kuwaleta kwa wageni ili wapewe hela. Ukilipa leo, kesho watakamatwa kumi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu viumbe hawa hawana mahali pengine pa kwenda.

6. Lukozi, Rangwi, Mtae: siku tatu za mgongoni mwa mlima

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike mwongozo huu. Utaratibu wa kawaida ni kuuvuka msitu wa Magamba na kulala Lukozi, kesho yake kutembea hadi Rangwi, na siku ya tatu kufika Mtae. Kila siku ni saa tano hadi saba za mguu kwa mtu wa kawaida, ukihesabu mapumziko.

Lukozi ni soko la mboga. Alasiri utakuta Fuso na Kenta zikipakiwa karoti, hoho, viazi mviringo na kabichi, ambazo alfajiri zitakuwa zimekwisha kuingia masoko ya Dar es Salaam. Kula vizuri hapa: wali maharage, ndizi, chipsi mayai, chai ya tangawizi. Vijiji vinavyofuata vina vibanda, lakini chakula kilichopikwa hakipo kila saa.

Kutoka Lukozi kwenda Rangwi unaacha barabara na kushika njia za miguu. Barabara ya gari huzunguka kilima. Njia ya mguu hukikata. Ukipotea, usiulize "Rangwi ni huku?", kwa sababu watu wa huku ni wapole mno na wengi watakuitikia "ndiyo" wasikuvunje moyo. Uliza "njia ya mguu ya Rangwi ni ipi?" na umwache mtu akuonyeshe kwa mkono. Na akisema "hapo tu", muulize yeye mwenyewe hutumia muda gani, kisha uongeze nusu yake. Mama wa Kisambaa mwenye mzigo wa kuni kichwani atakupita mlimani ukiwa na begi dogo mgongoni, atakusalimia vizuri, na utabaki unamtazama kisigino.

Salamu zina kazi huku. Usipite mbele ya mtu anayelima bila kusema neno. Wazee wape shikamoo, na ukiweza asubuhi useme "Onga maundo", jibu lake "Niwedi", utaona nyuso zinavyofunguka. Ukiwa mgeni mwenye kulala kijijini nje ya nyumba ya wageni, pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji ujitambulishe. Hilo linakulinda wewe kuliko linavyomlinda yeye.

Pita kwenye kingo za mashamba, usikanyage matuta. Miteremko hii imelimwa hadi juu, na matuta na vizuizi vya mawe ndivyo vinavyozuia udongo usiteremke wote mtoni mvua ikija. Tuta moja lililobomolewa na viatu vya mgeni ni jasho la mtu. Tunda lililo mtini lina mwenyewe pia. Muulize, mara nyingi utapewa bure.

Rangwi iko bondeni, na masista wa Kikatoliki walioko hapo wana vyumba vya wageni ambavyo wapandaji wengi hulala. Ni pasafi, patulivu, na chakula chao ni cha kupikwa kwa moyo. Wapigie simu kabla kupitia mwongozaji wako, usifike usiku ukabisha hodi. Ni nyumba ya watawa: mavazi ya heshima, na kelele ziishie nje.

Siku ya tatu ndiyo yenye kupanda kwingi. Msitu wa Shagayu unabaki upande mmoja, vijiji vinazidi kukaa juu ya mgongo wa mlima, na upepo unaanza kuwa na nguvu. Beba angalau lita 2 za maji, kofia, na koti unaloweza kulitoa haraka, kwa kuwa kwenye jua unatoa jasho na kivulini unatetemeka. Viatu viwe na meno. Raba laini zinatosha Irente, lakini kuteremka kwenye kijia chenye umande kwa raba laini ni kuutafuta mguu uliovunjika. Kata fimbo njiani, au muombe mwenye shamba akukatie.

Halafu unafika Mtae. Kijiji kimekaa juu ya ncha, na pande zake mbili kuna korongo. Kaskazini na magharibi unaona nyika ya Mkomazi, milima ya Upare, na ng'ambo ya mpaka ardhi ya Kenya. Siku hewa ikiwa safi, hasa alfajiri na jioni, Kilimanjaro hujitokeza mbali. Kuna kanisa la Kilutheri la zamani sana na msikiti, na nyumba za wageni ndogo zisizo na makuu. Jirani kuna Mambo, kijiji kingine chenye ukingo wake na mandhari yake. Kama una usiku mmoja wa ziada katika safari nzima, uweke Mtae wala usiuweke Lushoto. Ukungu unaweza kukunyima mandhari siku ya kwanza, na itakuwa huzuni kutembea siku tatu ukaondoka bila kuona kitu.

7. Kushuka

Jioni ya kufika Mtae, kabla hujavua viatu, nenda yanapolala mabasi ukamuulize maswali matatu dereva au konda mwenyewe: gari linaondoka saa ngapi, linaishia wapi, na kama kuna nafasi. Majibu ya mwenye nyumba ya wageni hayatoshi. Mabasi huondoka giza likiwa bado, saa kumi na moja au hata kabla. Kuna yanayoishia Lushoto na kuna yanayoteremka mbali zaidi. Barabara ni kilomita 60 hivi hadi Lushoto, sehemu kubwa vumbi na kona, kwa hiyo hesabu saa tatu au zaidi. Lipia siti jioni hiyo kama inawezekana, uombe dereva akupigie simu akianza kuwasha gari, na usitegemee bodaboda kuwa mbadala wa umbali wote huo. Bodaboda inafaa kwa kilomita chache, ukiwa na kofia ngumu na dereva asiye na haraka.

Ukilikosa gari la alfajiri, usikate tamaa lakini usikae tu. Anza kutembea kuelekea Sunga. Mchana hupatikana Noah au gari la mzigo lenye siti ya mbele.

Ukishateremka Mombo kabla ya saa sita mchana, mabasi ya kwenda Dar na ya kwenda Arusha hupita kwa wingi. Baada ya saa tisa yanapungua, na mengi hufika yakiwa yamejaa. Kwa anayetakiwa kuwa kazini Jumatatu Dar, maana yake ni kuondoka Mtae Jumapili alfajiri, au kushuka Lushoto Jumamosi, alale hapo, na Jumapili apande basi la moja kwa moja. Mwenye siku mbili tu asiiguse kabisa njia ya Mtae: afanye Irente siku ya kwanza na Magamba ya pili, alale Lushoto, na arudi asubuhi ya tatu.